Nywele Alizoahidiwa Baba Yesu

Mjini Ocotla wako akina Hermelinda wengi, na ukiuliza jina hilo tupu utazungushwa soko zima. Lakini ukisema Hermelinda wa nywele, kila mtu anajua unamtaka nani: yule muuza tamale, mikate ya mahindi ya kuchemshwa majanini, wa kona ya kanisa, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na ulimi mkali, aliyebeba mgongoni nywele nyeusi zilizompita kiuno na kukaribia magoti. Ili azichane ilimbidi apande juu ya kiti. Akienda kanisani alizikusanya mapajani kama aliyempakata mtoto, la sivyo angezikalia.

Hakuwa na kingine cha kujivunia na, tuseme ukweli, hakutafuta kingine. Nyumba yake ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu. Mumewe, Fermín, alikuwa Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, akiezeka mapaa ya watu wengine, na akipiga simu ya video salamu zilikuwa fupi. "Geuka nizione," anasema. Hermelinda anageuka. "Haya, sasa naweza kulala." Ijumaa Kuu, Baba Yesu anapotolewa kanisani na msalaba wake begani, wanawake wa Ocotla humfuata nywele zikiwa wazi, bila kitambaa wala kibanio, na kila mwaka Hermelinda alishika safu ya mbele. Alilia kama wenzake, ila kwa pembe ya jicho alikuwa akiangalia nani anamtazama.

Baba Yesu mwenyewe ana nywele za watu. Ni sanamu ya mti, uso umeiva kwa moshi wa mishumaa, na wigi lake limeshonwa shungi kwa shungi kwa nywele za wanawake walioweka nadhiri: huyu mumewe alipona, yule mwanawe alivuka mpaka salama. Wazee wanaapa kwamba nywele zikishafika pale kichwani huendelea kuota. Doña Refugio, mtunza wigi, ukimuuliza hasemi ndiyo wala hapana. Anakuambia tu kwamba mkasi wake haujawahi kukosa kazi.

Mambo yalianza msimu wa mvua, Otilia alipougua. Otilia ndiye mtoto pekee wa Hermelinda, wa miaka saba, mwembamba, mwenye maswali mengi. Homa ya matumbo ilimshika hasa. Alitundikiwa dripu katika hospitali ya wilaya, na joto lilipompanda alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo, akiwaomba wasogee kidogo kitandani. "Mnanibana," alisema kwa adabu, akitazama upande mtupu wa godoro.  Hermelinda akamwachia muuguzi mtoto, akakimbia kanisani, akaanguka mbele ya Baba Yesu.

"Mwache," alimwambia. "Mwache huyu mmoja, nikupe nywele zangu. Si nusu, si ncha. Zote, mpaka kwenye ngozi."

Homa ilishuka. Otilia alirudi nyumbani miguu ikiwa vijiti, akala supu ya kuku, akaanza maswali yake upya. Na Hermelinda akakaa mbele ya kioo na mkasi mkononi. Alikaa asubuhi nzima. Alishika shungi hili, akaliachia. Akashika lile, akaliachia. Aliwaza Fermín akimwambia geuka. Aliwaza safu ya mbele. Mwishowe akaurudisha mkasi kwenye droo, akajiambia kesho, na kesho akajiambia vilevile.

Ndipo alipopita mnunuzi wa nywele. Ni mtu anayezunguka vijiji na gari bovu na kipaza sauti, akitangaza kwamba ananunua misuko, ananunua mikia, ananunua nywele za urefu wowote. Hermelinda alimsimamisha kwenye barabara ya makaburini, pasipo na watu.

"Aa, leo nimebahatika!" mtu yule alisema akimtazama kichwani. "Mama, hizo nitazilipia kama ng'ombe."

"Siuzi. Nanunua."

"Unanunua nini? Una msitu kichwani halafu unataka kuni?"

"Nionyeshe ulichonacho, uache maneno."

Alimfungulia gunia. Kulikuwa na mkia mmoja mnene, mweusi, mrefu, karibu sawa na wake. Hermelinda aliushika, ukawa baridi na mzito kuliko alivyotarajia.

"Ni wa nani?"

Mnunuzi alizima kipaza sauti ambacho hata hakikuwa kikisema kitu. "Hilo usiulize, mama. Mwenyewe hana kazi nao tena."

Aliununua. Siku ileile alisuka nywele zake, akazizungusha kichwani, akazibana kwa vibanio mpaka macho yakamvutika, akafunga kitambaa cheusi juu yake. Kisha akaufunga mkia wa watu kwenye gazeti, akampelekea Doña Refugio. Huyu alikuwa mama wa ubatizo wa Otilia, na ndiyo maana wao kwa wao waliitana comadre. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, ambaye hakucheka ovyo. Aliupima mkia kwa viganja viwili, akaunusa.

"Unanuka karafuu maiti, comadre."

"Nilipaka spiriti ya kichwa," Hermelinda alisema. "Kichwa kiliniuma sana kwa mawazo ya mtoto."

"Pole." Doña Refugio aliendelea kuunusa. "Basi Mungu amekuona. Kuukata huu si mchezo. Nionyeshe kichwa, tulie pamoja."

"Usinitie aibu, comadre. Nimebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Ngoja zichipue."

Doña Refugio hakumlazimisha. Ijumaa iliyofuata mkia ulikuwa kichwani pa Baba Yesu, umemwagika bega la kushoto, na watu walikuja kumpongeza Hermelinda kwa kumshika mkono. Walimletea mkate. Alikula mkate ule akijua vizuri anachokula.

Maisha ya chini ya kitambaa yakaanza, na wala hayakuwa maisha. Zile nywele alizokataa kuzitoa hakuzifaidi tena. Hakuna aliyeziona. Fermín alipopiga simu, alimwambia kamera imeharibika. Aliziosha kwa kujificha na kuzibana zikiwa bado mbichi, na kichwa kikamwasha na kumuuma mchana kutwa huku akiuza tamale na kutabasamu. Kuzichana alijifungia chumbani, akasukuma komeo, akapanda kiti akiupa mlango mgongo. Hata Otilia hakujua. Mtoto wa miaka saba ni redio ya kijiji, siri humwambii.

Mchana mmoja Otilia alimfuata jikoni, akasimama karibu naye sana.

"Mama, kuna mwanamke chumbani kwako."

"Mwanamke gani?"

"Nimechungulia kwenye ufa. Mrefu, anakaribia dari. Nywele zake zinafika chini. Anachana, anachana. Hageuki."

Hermelinda aliendelea kupaka unga kwenye maganda ya mahindi.  Ilikuwa rahisi tu kucheka, kufungua kitambaa, kusema ni mimi, mjinga wewe, nilikuwa juu ya kiti. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Umeota," alisema.

"Nilikuwa macho."

"Basi usichungulie tena."

Tangu siku hiyo Otilia hakukubali kupita mbele ya mlango ule peke yake. Alizunguka uani, hata mvua ikinyesha, na akilala alijifunika kichwa. Hermelinda aliziba ufa kwa gazeti. Aliona haya, lakini aliuziba.

Miezi mitatu hivi baada ya homa, nywele za Otilia zikaanza kutoka. Kwanza zilionekana kwenye mto, chache, halafu kwenye kitana, halafu Hermelinda alichomoa unywele mrefu ndani ya unga wa mteja na kuuficha mfukoni kabla hajaonekana. Akimfunga mtoto utepe, utepe ulibaki na nywele zake. Hakukuwa na upele, hakukuwa na kidonda. Zilikuwa zinaachia tu, laini, bila kuuma, kana kwamba kuna mtu anazichukua kwa upole.

Na Hermelinda alijua ni nani. Alijua kabisa. Aliahidi nywele za kichwa kimoja, akapeleka za kingine. Sasa mwenye kuahidiwa amekuja kuchukua mwenyewe, na ameanza na kichwa alichokiponya. Akimaliza nywele, atachukua nini? 

Alikwenda kwa wauza dawa za sokoni, na kila mmoja alikuwa na la kwake. Alimpaka mtoto ute wa mpungate. Alimpaka mafuta ya kokwa la tunda la mamey. Alimpaka spiriti iliyolowekwa pilipili, Otilia akapiga kelele, ngozi ikawa nyekundu na kubabuka. Halafu akasikia kwamba kuosha na kuchana ndiko kunakozing'oa, akaacha vyote viwili, na kweli kwa muda mto ukawa msafi. Alifurahi. Alipokuja kuchana hatimaye, zikatoka kwa pamoja, fungu zima, zikajaa kiganja. Otilia alilitazama lile fungu.

"Ni yule mwanamke," alisema taratibu. "Anazitaka."

Ijumaa hiyo Hermelinda alikwenda kanisani. Hakukuwa na mtu ila Doña Refugio, akifuta nta sakafuni. Baba Yesu alikuwa palepale na msalaba wake, na ule mkia ulioletwa kwenye gazeti ulifika chini ya goti. Hermelinda aliutazama kwa muda mrefu. Alikumbuka ukiishia juu ya goti.

"Umeona, comadre?" Doña Refugio alisema, akiinua kichwa kumtazama. "Zimempenda. Zinaota."

Alirudi nyumbani karibu akimbie. Alitoa mkasi kwenye droo, akafungua kitambaa, akashika nywele zote kwa mkono wa kushoto. Na bado hakuweza. Mtoto wake anapukutika chumba cha pili, na mkono wa kulia umegoma. Kuna watu watamcheka. Mimi simcheki, kila mmoja ana kitu chake asichoweza kukikata. Lakini yeye siku hiyo alijichukia, akalia kwa kujiuma mkono ili asisikike.

Asubuhi alimbeba Otilia mpaka kituo cha afya. Daktari alikuwa binti wa mbali, Yadira, aliyeletwa mjini kwa mwaka wake wa utumishi, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa matope ya Ocotla. Hakushtuka. Alishika nywele chache za mtoto, akavuta polepole, zikaja. Akatazama ngozi ya kichwa kwa kioo cha kukuzia, kucha, na ndani ya kope za chini.

"Aliugua lini, mama?"

"Msimu wa mvua. Homa ya matumbo."

"Joto kali? Kuweweseka?"

"Alikuwa anaongea na watu."

Daktari alihesabu miezi kwa vidole, akatabasamu. "Basi ni homa. Nywele zina majira yake, mama. Nyingi zinakua, chache zimepumzika. Mwili ukipata kishindo kikubwa, nyingi zinaacha kukua kwa pamoja. Ila hazianguki siku hiyo. Zinakaa palepale, zimeshikilia tu, kama miezi mitatu. Halafu nywele mpya zinazisukuma kutoka chini. Ndiyo maana watu hawaunganishi. Homa wameshaisahau."

"Kwa hiyo hakuna… hakuna anayezichukua?"

Yadira alimtazama kidogo. "Za zamani zinatoka kwa sababu mpya zinakuja. Tazama."

Alimpa kile kioo. Kwenye paji la uso la Otilia, ukingoni, Hermelinda aliona vinywele vifupi, vyeusi, vimesimama vingi. 

"Ulipoacha kuchana hazikuacha kutoka, zilikuwa zinakungoja," daktari aliendelea. "Muoshe kawaida. Hiyo pilipili usiirudie, umemchoma bure. Na ndani ya kope zake mmepauka, damu imepungua. Hilo nalo linachelewesha nywele. Nitampima, nitampa dawa ya madini ya chuma, na wewe umpe maharage, dengu, nyama ukipata. Zitajaa. Kuwe na subira tu."

"Homa peke yake ndiyo inafanya hivi?"

"Homa, kuzaa, upasuaji, njaa. Kufiwa. Hata hofu kubwa. Mwili haujali kishindo kimetoka wapi." Kisha akaonyesha kitambaa. "Na wewe? Kwenye ukoo wenu kuna wanaonyonyoka nywele mapema? Nionyeshe."

Hermelinda alimtuma Otilia nje akapimwe uzito. Daktari alikuwa mgeni, hana comadre wala jirani. Akafungua kitambaa, akachomoa vibanio, na nywele zikaporomoka mpaka sakafuni pembeni ya kiti.  Yadira akasogea, akagusa panjani, ambapo kulikuwa na mabaka mepesi.

"Hapa zimeanza kung'oka kwa kuvutwa. Unazibana mno, tena mbichi. Zikivutwa muda mrefu, shina linakufa, na hapo hazirudi. Za mtoto zitarudi. Zako za hapa, siwezi kukuahidi. Zifungue, mama. Unazificha za nini?"

"Jua kali," Hermelinda alisema.

Alitoka pale mwepesi. Hakuna aliyekuja kuchukua, kulikuwa na homa tu na majira yake. Kwa mwezi mzima alimpikia Otilia dengu mpaka mtoto akazikimbia, na nywele kweli zikapungua kutoka, na ukingo mpya ukajaa na kumfanya aonekane kifaranga. Hermelinda alianza kuimba tena jikoni. Nadhiri aliisukuma nyuma, mahali ambapo mtu husukuma vitu vyake vibaya. Kitambaa hakukivua. Ufa aliuacha umezibwa.

Kabla ya Juma Kuu wigi la Baba Yesu huoshwa. Wanaoosha ni wanawake waliotoa nywele mwaka huo, uani kwa Doña Refugio, katika beseni la shaba lenye maji ya maua na majani ya kunukia. Hermelinda hakuwa na namna ya kukosa. Walipiga magoti kulizunguka beseni, wakisali, na Doña Refugio akalizamisha wigi taratibu, mashungi yakielea na kufunguka.

Maji yakawa meusi.

Mwanzo walidhani ni masizi ya mishumaa. Doña Refugio alimwaga, akajaza mapya, nayo yakawa meusi. Alipoinua wigi mara ya tatu, nywele za wanawake wengine zilikuwa nyeusi vilevile. Mkia mmoja, mnene, mrefu, ulikuwa mweupe wote kutoka shina hadi ncha. Harufu ya karafuu maiti ikapanda na mvuke, ikawakalia wote puani.

"Ameota mvi!" mwanamke mmoja alipiga yowe. "Baba Yesu ameota mvi kwa dhambi zetu!"

Wakaanza kulia, wengine wakabusu ardhi. Hermelinda alibaki amepiga magoti, mikono ndani ya maji meusi, na hakuweza kuitoa. Aliona ule weupe ukidondoka. Akaelewa ni za nani: mwanamke mzee, aliyekuwa akipaka piko, aliyekufa sijui wapi, na mtu akaja na mkasi kabla ya sanduku kufungwa. Na nywele zake zimebeba msiba na furaha ya Ocotla msimu mzima. 

Walipotawanyika kwenda kutangaza muujiza, Doña Refugio alimzuia kwa kidole kimoja begani.

"Nimeosha nywele hizi tangu nilipofiwa na mume. Piko nalijua likitoka."

Hermelinda alitoa mikono majini, akaifuta kwenye sketi.

"Sitasema. Wanataka muujiza, wawe nao." Alikuwa akikamua ule mkia mweupe, polepole, kama mtu anayemkausha mgonjwa. "Na kuota hazikuota. Ni mimi nilishusha mshono kidogo, nione uso wako. Lakini kwa ajili ya mtoto wangu wa ubatizo nakwambia, comadre. Baba Yesu hana haraka. Anajua kuchukua."

Ijumaa Kuu hiyo Baba Yesu alitoka na shungi jeupe begani, na watu walikuja hadi kutoka miji mingine kuliona. Hermelinda alitembea safu ya mwisho, amejifunika.

Mvua za kwanza zilipoanza, nywele zake zikaanza kutoka.

Alijua ni nini. Alikuwa amefundishwa, na alihesabu kwa vidole kama daktari: tangu siku ya beseni, miezi mitatu hivi. Hofu kubwa, mwili haujali kishindo kimetoka wapi. Alijua kila neno, na bado kila asubuhi alipofungua kitambaa na kukuta kimejaa, alifanya ishara ya msalaba. Nywele za urefu ule zikitoka hazifanani na za mtoto. Zilijiviringa sakafuni, zilimfunga vidole vya miguu, zilining'inia kwenye komeo la mlango. Daktari Yadira alikuwa amemaliza mwaka wake na kuondoka. Hakukuwa na wa kumwambia kuwe na subira.

Mchana mmoja alikuwa juu ya kiti, anachana, na kitana kikatoka na fungu lililomfanya apepesuke. Upande wa pili wa mlango alisikia miguu midogo ikikaribia, ikasimama, kisha ikageuka kuzunguka uani, kwenye mvua. Mtoto alikuwa amezoea. Alikuwa amejifunza kuishi nyumba moja na mzimu, kwa sababu mama yake aliona afadhali hivyo kuliko kuona aibu. Hermelinda alishuka kwenye kiti. Alivuta komeo.

"Otilia! Njoo hapa."

Mtoto alikuja akidondoka maji, akasimama mbali na kizingiti.

"Njoo uone. Ni mimi. Tazama." Akapanda tena kwenye kiti, akageuka, akauacha mgongo wake na nywele zilizobaki zionekane zote. "Nilikuwa mimi, mwanangu. Sikuzikata. Nilimdanganya Baba Yesu, nikamdanganya comadre, nikakudanganya wewe. Hakuna mwanamke mwingine. Nisamehe."

Otilia alitazama muda mrefu. Akaingia, akagusa ncha za nywele kwa kidole, akazungukia mbele kuona uso, akarudi nyuma.

"Zako nyeusi," alisema.

"Ndiyo."

"Yule zake nyeupe."

Hermelinda alishuka kwenye kiti. Alitaka kusema umesikia habari za wigi, mji mzima unazizungumza, umechanganya. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini mtoto alikuwa akimtazama bila woga wowote, kama anayemsahihisha mtu jina la mtaa.

"Ulimwona lini mara ya kwanza?"

"Nilikwambia. Ulikuwa jikoni. Ulisema nimeota."

Alifungua droo. Safari hii mkono haukugoma. Alikata panjani, akakata kisogoni, akakata mpaka kwenye ngozi, na Otilia alishika mashungi yasianguke. Walikwenda kwa Doña Refugio mvua ikinyesha, Hermelinda kichwa wazi, na watu walitoka milangoni kumtazama. Aliwaacha watazame.  Doña Refugio alipokea nywele kwa viganja viwili, akachukua mkasi mdogo, akafumua ule mkia mweupe kutoka kwenye wigi, uzi kwa uzi, mpaka ukamjaa mapajani. Wakauzika wote watatu makaburini, karibu na ukuta, pasipo na jina la mtu, na Hermelinda alimwombea mwenye nywele hizo kwa kumwita mama.

Mjini, walipoona nywele nyeusi begani pake, walisema Baba Yesu amesamehe, amerudia ujana. Fermín alipopiga simu alimwona, akasema, "Geuka," kwa mazoea, na wote wawili wakacheka mpaka machozi. Otilia alianza kupita mbele ya mlango wa chumba, na mlango ukaachwa wazi.

Nywele za Hermelinda zilichipua kama za Otilia, sawasawa na maneno ya daktari. Panjani hazikurudi. Zilipofikia urefu wa kidole, Otilia aliomba azichane yeye, naye akampa kitana na kukaa sakafuni kati ya magoti ya mwanawe. Mtoto alichana kwa utaratibu, ulimi nje. Halafu akasita.

"Mama, hapa mbele kuna nyeupe. Fungu zima."

"Mvi hizo. Nimezeeka."

"Za nani?"

Hermelinda aliinua mkono, akalishika lile fungu. Lilikuwa baridi kidogo.

"Zangu," alisema. Na kwa kuwa Otilia hakuendelea kuchana, alisema tena, "Ni zangu."